Leipzig, Ijumaa Kuu: wimbo wa kitabuni kati ya okestra mbili

Anayekwenda Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, Ujerumani, kusikiliza Mateso ya Yesu kwa muziki wa Johann Sebastian Bach katika Juma Kuu, ajiandae kwa jambo moja ambalo mabango hayalisemi: huenda asimwone mwimbaji hata mmoja. Kwaya, okestra na waimbaji wa solo hupangwa kwenye roshani ya magharibi, huko juu penye ogani, na chini mabenchi mengi yameelekea kwingine. Muziki unakujia kisogoni. Wenyeji wamezoea. Mgeni ndiye hugeuza shingo kila mara mpaka inamuuma, kisha anatulia na kusikiliza kama wenzake.

Mbele, sakafuni karibu na madhabahu, lipo bamba la shaba lenye jina la mtunzi. Bach alifariki tarehe 28 Julai 1750 akazikwa kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohane. Mabaki yanayoaminika kuwa yake yalihamishiwa hapa karibu miaka 200 baadaye. Basi msikilizaji anakaa katikati: mtu yuko mbele, kazi yake iko nyuma.

Hili ni kanisa la mtaa, si ukumbi wa burudani. Watoto hubatizwa humo na vijana hupata kipaimara. Kwaya yake ya wavulana, Thomanerchor, inahesabu umri wake tangu mwaka 1212, na shule zikiwa zimefunguliwa huimba humo Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri, mtu yeyote akaingia kwa euro chache. Okestra ni ile ya Gewandhaus, ambayo mizizi yake ni kundi lililoanzishwa na wafanyabiashara wa mji mwaka 1743. Jina ilikuja kulipata kutokana na jumba la wauza vitambaa. Cheo cha kiongozi wa muziki, alichokishika Bach kuanzia 1723 hadi kufa kwake, tangu 2021 kiko kwa Andreas Reize, Mswisi tena Mkatoliki. Wazee wa Kilutheri wa enzi zile wangeguna.

Kwa msomaji wa Kilimanjaro au Arusha, Leipzig si mji wa mbali kama ramani inavyodai. Mwaka 1893 wamisionari wa Misheni ya Leipzig walipanda mlima na kuanza kazi Machame. Miaka mitatu baadaye wenzao wawili waliuawa Meru, na hadithi hiyo husimuliwa mpaka leo. Waliobaki walifungua vituo kimoja baada ya kingine, na mkononi, pamoja na Biblia, walikuwa na kitabu cha nyimbo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwafukuza Wajerumani hao, mwaka 1920, lakini nyimbo hazikufukuzika. Walimu Wachaga ndio walioshika makanisa katika miaka hiyo migumu. Mzee wa usharika anayefungua Mwimbieni Bwana leo na kuanzisha wimbo wa Kwaresima bila kusubiri kinanda, ni mrithi wao.

Ndiyo maana nasema Mkristo wa Kilutheri wa Tanzania akiingizwa katika kanisa lile Ijumaa Kuu, hata kama hajui neno la Kijerumani wala hajawahi kusikia okestra ana kwa ana, hatakuwa mgeni kwa saa zote tatu kasoro. Kuna nyakati atashtuka na kusema moyoni: huu naujua.

Melodi ya wimbo huo ilianza maisha yake mbali kabisa na kanisa. Hans Leo Hassler aliichapisha mwaka 1601 ikiwa wimbo wa mapenzi, wa kijana aliyevurugwa akili na binti. Haikuchukua muda kanisa likaichukua. Katikati ya karne hiyo Paul Gerhardt, mchungaji na mshairi, aliandika maneno juu ya kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha, akifuata utenzi wa kale wa Kilatini, na tangu hapo hakuna aliyemkumbuka yule binti. Bach alipoikuta melodi hiyo ilikuwa imeshapita miaka mia moja, na Leipzig nzima iliijua bila kitabu. Makanisani kwetu nayo imo, huimbwa Kwaresima, wakati mwingine polepole mno hadi unahofia mpiga kinanda amesinzia.

Katika Mateso ya Mathayo, yaliyoimbwa kwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya tarehe 11 Aprili 1727, Bach ameipitisha mara tano. Vyombo anavyo vya kutosha: kwaya mbili, okestra mbili, kila moja na filimbi zake, oboe zake na fidla zake, pamoja na waimbaji wa solo. Maandiko ni Mathayo 26 na 27, neno kwa neno, na katikati ya aya mshairi Picander ameingiza mashairi ya kutafakari. Mwinjilisti huimba sauti ya tatu, ile inayoitwa tena, na kazi yake ni ngumu kuliko zote. Anasimulia kwa kuimba, karibu na mwendo wa mtu anayesoma somo, akiwa na vyombo viwili vitatu tu chini yake. Yesu ni besi. Kila anapofungua kinywa, nyuzi zote za okestra ya kwanza humzunguka kwa sauti ndefu tulivu, ukajua anayesema ni nani hata ukiwa umefumba macho.

Hapo pa nyuzi pana jambo. Mathayo anaandika kwamba saa ya tisa Yesu alilia kwa sauti kuu akimuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Bach akifika kwenye kilio hicho ananyamazisha nyuzi. Besi anabaki karibu peke yake, kama binadamu yeyote. Hakuna maelezo wala tangazo. Asiyesikiliza vizuri hatagundua, lakini atahisi kuna kitu kimeondoka.

Turudi nyuma kidogo, mezani, kwenye karamu ya mwisho. Yesu amesema mmoja wao atamsaliti. Wanafunzi wanaanza kuuliza, kila mmoja kama ni yeye, na kwaya inalipuka kwa haraka, sauti zikipandiana. Waliohesabu wanasema neno la kumwita Bwana linatokea humo mara kumi na moja. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Yuda hajauliza, atauliza baadaye peke yake. Kabla mtu hajapata jibu la nani msaliti, kwaya yote inaingia na wimbo wa kitabuni, mtulivu, unaojibu kwamba mwenye hatia ni yule anayeimba. Halafu Mwinjilisti anaendelea na habari kana kwamba hakuna kilichotokea. Mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu hutumia dakika arobaini kufika hapo, Bach ametumia chini ya mbili.

Sasa ile melodi ya Hassler. Mara ya kwanza inakuja pale Yesu anapowaambia kuwa watatawanyika kama kondoo. Petro anaapa kwamba yeye hatamkana kamwe. Melodi inarudi na sauti zake nne zilezile, ila imeshushwa nusu ngazi. Ni hiyo tu. Kiapo cha Petro kimeshasikika, na wimbo umezama kidogo. Mara ya tatu ni mbele ya Pilato, mshtakiwa akiwa amenyamaza, na mara ya nne ni baada ya taji la miiba. Ya tano ni mara tu baada ya kifo, na hapo kwaya inaimba kwa upole huku sauti za chini zikipita njia ambazo sikio halizitarajii, karibu zipotee. Yule mzee wetu wa usharika ataitambua sauti ya kwanza moja kwa moja. Za chini zitamshangaza.

Kwa Bach kazi kubwa iko huko chini. Katika kwaya zetu nyingi sauti ya pili humfuata soprano kama kivuli, akipanda inapanda, na besi hukaa kwenye noti tatu nne anazozijua. Katika nyimbo hizi za Bach kila sauti ina safari yake. Mwimbishe mwenye sauti ya tatu peke yake na utapata melodi kamili yenye huzuni yake. Mwalimu wa kwaya akiwafundisha vijana wake wimbo mmoja wa namna hiyo kwa miezi miwili, watatoka humo wakiwa waimbaji wengine.

Kuna sehemu nyingine ambayo haina melodi hata kidogo. Pilato anauliza awafungulie nani kati ya wawili. Kwaya zote mbili na vyombo vyote vinajibu jina moja, Baraba, kwa mlio mmoja wenye ukali wa kuchana nguo. Kisha kimya, na Mwinjilisti anaendelea. Umati wa Yerusalemu umepita mbele yako kwa sekunde mbili. Na waliopiga ukelele huo ni wale wale ambao muda mfupi uliopita waliimba wimbo wa toba, na dakika chache baadaye wataimba mwingine. Bach hakuleta kwaya ya watu wabaya na kwaya ya watu wema.

Daftari la mkono wake la kazi hii, alilolinakili upya kwa usafi mwaka 1736, lipo Berlin. Maneno ya Biblia ameyaandika kwa wino mwekundu. Anayeliona daftari hilo hawezi kumdhania Bach kuwa mtu aliyekuwa akitimiza wajibu wa kazi ya mshahara tu.

Ila mshahara wenyewe ulimsumbua kweli. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake wa shule kwamba kipato chake hutegemea pia ada za mazishi: watu wakifa wengi hali huwa nafuu, hewa ikiwa nzuri na watu wakawa wazima, yeye hupata hasara. Mwaka huohuo aliwapelekea wakuu wa mji waraka kuhusu hali ya muziki wa kanisa. Alitaka walau waimbaji kumi na wawili kwa kwaya, na kumi na sita ingekuwa bora. Kisha akawapanga wavulana wa shule yake: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Wanawake hawakuruhusiwa kuimba kanisani, kwa hiyo hata aria zile za soprano na alto, zinazowatoa jasho waimbaji wa kulipwa leo, ziliimbwa na wavulana na vijana. Labda ndiyo sababu orodha yake ilikuwa na hasira.

Na wakuu wa mji hawakumwacha. Mwaka 1724, alipokuwa tayari na Mateso ya Yohana, alichapisha vijitabu vinavyosema ibada itakuwa Mtakatifu Thomas. Wakuu wakamwambia hapana, mwaka huu ni zamu ya Mtakatifu Nikolai. Akajibu kwamba vijitabu vimeshachapishwa, roshani ya huko ni finyu, na kinanda kinahitaji kutengenezwa. Wakakubali kugharimia marekebisho na kuchapisha tangazo jipya, naye akahamia Nikolai. Miaka kumi na mitano baadaye, 1739, karani alitumwa kumwambia asiimbishe Mateso bila kibali. Jibu lake lilikuwa la mtu aliyechoka: hapati faida yoyote, kwake ni mzigo tu, atawaarifu wahusika kuwa amekatazwa. Walimu wa kwaya wa Temeke na wa Sakina watamtambua huyu mzee bila kutambulishwa.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba yote haya yalikuwa ibada. Watu walikuja mchana wa Ijumaa Kuu, wakaimba wimbo, wakasikiliza sehemu ya kwanza, wakapata mahubiri, tena marefu, wakasikiliza sehemu ya pili, wakaomba na kuimba wimbo wa shukrani, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyekata tiketi, wala aliyepiga makofi.

Tamasha lilizaliwa Berlin tarehe 11 Machi 1829. Bach alikuwa amekufa miaka karibu 80 iliyotangulia, na Mateso ya Mathayo hayakuwa yakiimbwa. Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alikuwa amepewa nakala na bibi yake. Alikata aria nyingi, akakusanya kwaya ya watu zaidi ya 150, akasimama mbele yao katika ukumbi wa chama cha waimbaji cha Singakademie. Ukumbi ulijaa na watu wengi walirudishwa mlangoni. Mwaka 1841 aliirudisha kazi hiyo Mtakatifu Thomas kwa sababu ambayo sisi tunaielewa vizuri: kuchangisha fedha. Alitaka kumjengea Bach mnara wa kumbukumbu, na ukajengwa kweli, karibu na kanisa, ukazinduliwa 1843.

Kwa hiyo tusiwacheke watu wetu. Tamasha la kwaya kwetu huwa na mgeni rasmi aliyechelewa, spika zinazopasua masikio, kinanda chenye mdundo uliowekwa tayari kiwandani, na bahasha. Wimbo ukikolea, mama mmoja huondoka kwenye benchi na kwenda kumtunza mwimbaji noti ya elfu mbili usoni. Mendelssohn hakuwa na noti usoni, lakini kapu la mchango lilikuwepo. Tofauti yangu na wanaodharau tamasha zetu ni kwamba mimi sioni tatizo kwenye bahasha, naliona kwenye uvivu wa kuchagua nyimbo. Krismasi kwaya inayojiamini huimba Haleluya ya Handel, kwa Kiswahili, watu wote wakisimama, na huishia hapo kwa mwaka mzima. Ijumaa Kuu tunapiga nyimbo zilezile za kanda.

Wanaosema hatuna okestra wana haki nusu. Kinshasa ipo Okestra ya Simfonia ya Wakimbangu, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, wakati wanamuziki wakipokezana fidla chache na waya za breki za baiskeli zikigeuzwa nyuzi. Leo ina kwaya yake na imepiga Beethoven mbele ya dunia. Nairobi, kwenye uwanja wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, Korogocho, watoto wa mradi wa Ghetto Classics hujifunza fidla na tarumbeta. Makumira, karibu na Usa River, mtu anaweza kusomea shahada ya muziki. Hizo ni mbegu, bado si mavuno, na Mateso ya Mathayo kamili yanahitaji fedha, miezi ya mazoezi na Mwinjilisti ambaye hapatikani kwa kutangaza kanisani.

Lakini zile nyimbo za kitabuni hazihitaji hayo yote. Kundi la matarumbeta la usharika wowote wa Moshi vijijini lina tayari sauti nne. Tarumbeta za Kilutheri zilianza kwa kupiga nyimbo za namna hii hasa, nje, bila umeme. Chukua Mathayo 26 na 27, mpe msomaji mwenye sauti nzuri, asome bila haraka. Anapofika mezani, kwaya iimbe wimbo mmoja. Kabla Petro hajaapa, waimbe ile melodi ya Hassler, akishamaliza kuapa waishushe nusu ngazi. Kwenye miiba matarumbeta yapige peke yake. Baraba apigiwe kelele na usharika mzima, bila muziki. Muda utakuwa saa moja na nusu, na gharama ni nakala za nota na chai ya mazoezi. Sijui mchungaji ambaye angekataa, ingawa nawajua wazee wa kanisa ambao wangeuliza sadaka itachukuliwa saa ngapi.

Njia hii ya nyimbo, lakini, haijawahi kuwa ya upande mmoja. Mwaka 1966 Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka wenye melodi ya huku kwetu. Ulrich Leupold, mwanamuziki aliyekimbia Ujerumani ya Hitler na kufundisha Kanada, aliutafsiri, na toleo la Kijerumani ni la mwaka 1969. Katika miaka ya 1990 Wajerumani walipochapisha kitabu chao kipya cha nyimbo, kinachotumika hadi Saxony, uliko mji wa Leipzig, waliuweka humo katika sehemu ya nyimbo za makanisa yote, jina la Kyamanywa likiwa chini yake pamoja na kichwa cha Kiswahili. Kichwa cha Bwana kilichojaa damu, kwa melodi ya Hassler, ni namba 85. Wimbo wa Kyamanywa ni namba 116.